Marehemu J. M. Kariuki: Mbunge Aliyerudishwa na Wananchi

Katika toleo hili la kumbukumbu la kamati yetu tunaeleza maisha ya mtu mmoja maarufu aliyekwisha kufariki zamani, ili watoto wetu shuleni wapate la kusoma na wazazi wapate la kuzungumza jioni. Tumemchagua Josiah Mwangi Kariuki wa Kenya, ambaye wananchi wengi walimwita kwa herufi mbili tu, J. M.

Tumemchagua kwa sababu ya swali linaloulizwa kila mara wajumbe wa kamati wanapochaguliwa upya. Watu huuliza: kuna faida gani kupiga kura ikiwa mwenye uamuzi mkubwa ni mwingine? Mwenyekiti wa mtaa hapangi kiasi cha mgao wa chakula. Hafungui mpaka, wala hampeleki mtu katika nchi ya tatu. Basi kwa nini tusimame juani kumchagua? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa hotuba nzuri. Sisi tumeona afadhali tulitazame katika maisha ya mbunge aliyechaguliwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nchi yake ilikuwa na chama kimoja tu. Kura hizo hazikumwokoa na kifo. Hata hivyo zilifanya kazi, nasi tutaeleza ni kazi gani.

UTOTO NA MASOMO

J. M. Kariuki alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru, katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliotoka Chinga, upande wa Nyeri, wakaenda Bonde la Ufa kutafuta maisha. Baba yake alikuwa skwota. Kwa wale wasiolijua neno hili, skwota alikuwa Mwafrika aliyeruhusiwa kukaa na kulima kipande kidogo katika shamba la Mzungu, na kwa malipo hayo akamfanyia kazi mwenye shamba. Ardhi haikuwa yake. Akifukuzwa leo, kesho anafunga mizigo na watoto. Maisha hayo hayahitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wetu.

Kijana Kariuki alisoma kwa shida. Aliacha shule kwa kukosa karo, akafanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Alipata fedha za kurudi shuleni kwa njia isiyo ya kawaida: alicheza kamari ya mbio za farasi mjini Nakuru, akashinda. Sisi walimu hatuwashauri wanafunzi wafuate njia hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kupenda mbio za farasi hakukumtoka mpaka mwisho wa maisha yake.

Baadaye alivuka mpaka akaja hapa Uganda, akasoma katika shule ya King's College, Budo, karibu na Kampala. Kwa hiyo hata yeye alipata sehemu ya elimu yake katika nchi hii iliyotupa hifadhi. Alirudi kwao mwezi Oktoba 1952. Mwezi huo huo, tarehe 20, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa. Kariuki alikula kiapo cha kupigania ardhi na uhuru, akawasaidia wapiganaji, na mwaka 1953 naye akakamatwa.

MIAKA SABA KAMBINI

Kuanzia mwaka 1953 hadi mwezi Desemba 1960, Kariuki alikaa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama. Alihamishwa kambi baada ya kambi, na idadi yake ikafika 14. Alikaa Lang'ata, alikaa Manyani kwenye njia ya kwenda Mombasa, alipelekwa hata kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria.

Hatutaki kufananisha kambi zile na kambi yetu. Zile zilikuwa za waya wa miba, virungu na kazi za kulazimishwa, na makumi ya maelfu ya watu walipitia humo. Wafungwa waligawanywa kwa rangi: weupe ni wale waliodhaniwa wamekwisha kutubu, wa kijivu ni wa katikati, na weusi ni wale waliokataa kuungama. Aliyeungama alisogezwa karibu na nyumbani, na aliyekataa alisogezwa mbali. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi. Habari hiyo ilifika katika Bunge la Uingereza na kuwaaibisha wakubwa, na baada yake kambi zikaanza kufungwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wakazi wa kambi yoyote watalielewa upesi. Ndani ya waya ule wafungwa hawakukaa kama kundi lisilo na mpango. Kila ua ulikuwa na viongozi wake waliochaguliwa na wafungwa wenyewe. Walikuwa na kanuni za usafi, za kugawana chakula, na za kusuluhisha ugomvi. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua, wakiandika ardhini palipokosekana karatasi. Kariuki, kwa kuwa alijua Kiingereza, alikuwa mara nyingi msemaji wa wenzake mbele ya maofisa. Tena aliandika barua. Barua hizo zilitolewa nje kwa siri, zikapelekwa kwa wakubwa wa serikali na kwa wabunge wa Uingereza, kueleza jinsi wafungwa walivyotendewa. Kwa ajili ya barua hizo alipigwa, na alipopona aliandika tena.

Mfungwa aliyechaguliwa na wenzake kuwa msemaji hakuwa na mamlaka hata ya kufungua lango. Hakuweza kuongeza kikombe kimoja cha uji. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa wenzake na mahali pa kuupeleka, na wakubwa wa kambi walijua kwamba akisema, anasema kwa niaba ya ua mzima. Kariuki alijifunza siasa katika shule hiyo, na tunaamini hakuisahau baadaye alipokaa katika viti vya Bunge.

Mwaka 1963 alichapisha kitabu kwa Kiingereza, Mau Mau Detainee, akieleza kambi hizo. Kilikuwa kati ya vitabu vya kwanza vilivyoandikwa na Mwafrika aliyekuwa mwenyewe kizuizini, na kiliwafanya wasomaji wengi wa nje wasikie upande wa pili wa habari za Mau Mau.

MBUNGE NA MTU WA IKULU

Alipofunguliwa, Kariuki aliingia katika kazi ya chama cha KANU, akajenga tawi la chama huko Nyeri. Kenyatta alipokuwa kiongozi wa serikali alimchukua awe katibu wake. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 Kariuki aliingia Bungeni. Wakati huo vyama vilikuwa zaidi ya kimoja, na KANU ilishindana na KADU.

Wananchi waliomchagua walikuwa wa sehemu ya Nyandarua, na inafaa tueleze ni watu wa namna gani. Nyandarua ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya Wazungu. Wakati wa kuelekea uhuru serikali ilinunua mashamba hayo kwa fedha za mkopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, ikayakata vipande, ikawapa Waafrika wasio na ardhi. Lakini hawakupewa bure. Kila familia ilipewa shamba pamoja na deni, na deni hilo lilitakiwa kulipwa kwa mazao, maziwa na pareto. Mtu aliyepoteza ndugu msituni au kizuizini kwa kudai ardhi alijikuta akiinunua ardhi hiyo hiyo kwa mkopo. Wakati huo huo aliona wakubwa wa serikali mpya wakinunua mashamba mazima, yasiyokatwa, yaliyoachwa na walowezi.

Hilo ndilo jambo ambalo J. M. alilisema wazi. Alisema kwamba watu hawakufa msituni ili Wazungu wachache wabadilishwe na Waafrika wachache. Alionya kwamba nchi ikiendelea hivyo itakuwa na matajiri kumi wenye mamilioni na ombaomba milioni kumi, na kwamba nchi ya namna hiyo haiwezi kukaa kwa amani. Maneno hayo yalisambaa kote, hata kwa watu wasiokuwa Wakikuyu. Wengi walimpenda kwa sababu hakusema kwa ajili ya kabila moja.

Ni lazima tuseme pia upande mwingine, maana maisha ya mtu si mahubiri. J. M. mwenyewe alikuwa tajiri. Alikuwa na shamba Gilgil, alikuwa na farasi wa mashindano, na aliishi maisha ya fahari. Utajiri huo aliupata katika miaka ile ile alipokuwa karibu na Ikulu. Alijulikana sana kwa kutoa fedha nyingi katika mikutano ya harambee, ya kujenga shule na zahanati. Adui zake walisema anajinunulia kura. Rafiki zake walisema anarudisha kwa wananchi kilicho chao. Pengine wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Mpiga kura mwenye busara hupokea mchango wa shule, akashukuru, kisha akauliza mtoaji amesema nini Bungeni. Kwa J. M. jibu la swali hilo lilikuwapo.

CHAMA KIMOJA, WAGOMBEA WENGI

Sasa tufike kwenye uchaguzi. Mwaka 1966 Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, alijitoa KANU na kuanzisha chama cha KPU. Mwezi Julai 1969 Tom Mboya, Waziri na Katibu Mkuu wa KANU, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, baada ya ghasia za Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Tangu hapo Kenya ikabaki na chama kimoja, ijapokuwa sheria yenyewe ya chama kimoja ilikuja kupitishwa baadaye, mwaka 1982.

Wasomaji wetu wametoka nchi mbalimbali, na si kila chama kimoja kilikuwa na uchaguzi wa namna moja. Wazee waliotoka Kongo wanakumbuka kwamba mwaka 1970 mpiga kura alipewa kadi ya kijani ya kumkubali Mobutu na nyekundu ya kumkataa. Mwaka 1975 majina ya wabunge yalisomwa tu mbele ya watu, nao watu wakapiga makofi, na hiyo ndiyo ikawa kura. Hapa Uganda, baada ya mwaka 1962 wananchi hawakuchagua wabunge tena mpaka mwaka 1980. Tanzania, kuanzia mwaka 1965, chama cha TANU kiliweka wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mwaka huo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa kwao Mwanza.

Kenya ilifuata njia iliyokaribiana na ile ya Tanzania, lakini wagombea wangeweza kuwa wengi katika jimbo moja. Wote walipaswa kuwa wanachama wa KANU na kukubaliwa na chama. Aliyeshinda kura za chama ndiye mbunge, maana hakukuwa na chama kingine cha kushindana naye. Rais hakushindanishwa. Odinga, ijapokuwa alikuwa amekwisha kutoka kizuizini, alizuiwa kugombea mwaka 1974. Kwa hiyo mlango ulikuwa mwembamba. Mwananchi hakuweza kuibadili serikali. Aliweza tu kumwondoa mbunge wake au kumrudisha.

Lakini wananchi waliutumia mlango huo mwembamba kwa nguvu. Mwaka 1969 wabunge wengi waliangushwa, hata mawaziri. J. M. alirudishwa, akawa Waziri Msaidizi. Mwaka 1974 wengi waliangushwa tena. Mmoja wao alikuwa Dkt. Njoroge Mungai, Waziri wa Mambo ya Nje, jamaa wa Rais mwenyewe na mtu aliyetajwa kuwa huenda akamrithi. Kura za Dagoretti zilimwondoa.

Kwa wakubwa, uchaguzi wa namna hii ulikuwa na faida. Hasira ya wananchi iliishia kwa mbunge wa jimbo, na serikali ikabaki pale pale. Jambo ambalo hawakulipenda ni mbunge anayepigiwa kura katika jimbo moja na kusikilizwa katika nchi nzima.

KURA YA MWAKA 1974

Uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Oktoba 1974. Kabla ya siku hiyo J. M. alikuwa amekwisha kubanwa muda mrefu. Nchini Kenya mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali, na yeye alinyimwa vibali. Mikutano yake ya harambee ilifutwa. Akialikwa mahali, siku ikafika, watu walikuta polisi na tangazo kwamba hakuna mkutano. Hata ndani ya jimbo lake mwenyewe, Nyandarua Kaskazini, hakuweza kusimama mbele ya wananchi na kuomba kura kama wagombea wengine.

Hebu tufikirie hali ya mpiga kura wa pale. Ni mkulima mwenye deni la shamba. Anajua kwamba serikali haimtaki mtu huyu. Anajua pia kwamba barabara, shule na daktari vinategemea serikali hiyo hiyo, na kwamba jimbo lenye mbunge asiyependwa na wakubwa linaweza kusahauliwa. Hakusikia hotuba ya mgombea. Hakuna chama kingine cha kumtetea. Ana karatasi moja tu na sanduku moja.

Wananchi wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha J. M. Bungeni kwa kura nyingi. Hawakuhitaji mkutano, kwa kuwa walimjua kwa miaka kumi na mmoja. Kunyimwa kwake vibali nako kuliwaeleza jambo ambalo hotuba isingeweza kulieleza vizuri zaidi. Kura hiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kusema, bila kushika silaha na bila kupiga kelele, kwamba maneno yake yalikuwa maneno yao.

MACHI 1975

Mwanzoni mwa mwaka 1975 mji wa Nairobi ulikuwa na hofu. Mabomu yalilipuka, na tarehe 1 Machi mlipuko katika basi uliua watu zaidi ya 20. Siku iliyofuata, Jumapili tarehe 2 Machi 1975, J. M. alionekana katika hoteli ya Hilton mjini Nairobi. Aliondoka hapo pamoja na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU, na hakuonekana hai tena.

Kesho yake mchungaji Mmasai alikuta maiti katika vilima vya Ngong. Maiti hiyo ilikaa katika chumba cha maiti cha jiji kama ya mtu asiyejulikana, huku mbunge anatafutwa. Wabunge waliuliza maswali. Gazeti moja kubwa liliandika kwamba yuko Zambia. Baada ya siku kadhaa jamaa zake walipata habari, wakaenda, wakamtambua. Alikuwa na majeraha ya risasi. Alikuwa na umri wa miaka 45, na siku chache zilibaki atimize 46. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana. Alizikwa shambani kwake Gilgil.

Hapo mtu anaweza kusema: mnaona? Wananchi walimchagua, na kura haikumkinga na risasi. Ni kweli. Sisi hatutasema vingine. Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotufanya tuandike.

KAZI ILIYOFANYWA NA KURA

Watu wengi wameuawa katika nchi zetu na wakazikwa bila mtu kuuliza. J. M. aliulizwa. Aliulizwa kwa sababu alikuwa mbunge, na kiti chake kilikuwa tupu mbele ya macho ya wenzake. Mwezi huo huo wa Machi Bunge liliunda Kamati Teule ya kuchunguza mauaji hayo, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale. Wajumbe wake walikuwa wabunge wa chama kile kile kimoja. Polisi hawakuwasaidia kama ilivyopasa, lakini walihoji mashahidi na kuandika. Tarehe 3 Juni 1975 taarifa ilifikishwa Bungeni. Ilieleza kwamba kulikuwa na juhudi za kuficha ukweli, ikawataja maofisa ambao ilifaa wachunguzwe. Imekuja kujulikana baadaye kwamba majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa kabla taarifa haijawekwa mezani.

Serikali haikutaka taarifa hiyo ikubaliwe. Ilipopigwa kura, waliotaka ikubaliwe walishinda kwa kura 62 dhidi ya 59. Tofauti ni kura tatu tu. Masinde Muliro, aliyekuwa Waziri, alipiga kura pamoja na walioikubali, na vivyo hivyo mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifukuzwa kazi mara moja.

Mwezi Oktoba mwaka huo Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa atoe ushahidi kwamba KANU imekufa, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini. Walitoka mwaka 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Daniel arap Moi kuwa Rais.

Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji ya J. M. Kariuki. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ililitaja jambo hilo tena katika taarifa yake ya mwaka 2013, miaka 38 baadaye. Taarifa ya mwaka 1975 haikuleta haki. Lakini ipo, na ina tarehe na idadi ya kura. Mtoto wa shule anaweza kuisoma na kujua nani alisimama upande gani. Iliandikwa na wabunge waliopita katika mlango ule ule mwembamba wa uchaguzi wa chama kimoja.

Na mlango huo ulizidi kuwa mwembamba. Mwaka 1988, katika kura za mchujo za KANU, wapiga kura wa Kenya walipangwa foleni nyuma ya wagombea wao au wawakilishi wao, wakahesabiwa hadharani. Mahali pengi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Hasira ya uchaguzi ule ilikuwa sababu mojawapo iliyoleta kurudi kwa vyama vingi mwezi Desemba 1991. Watu hugundua thamani ya karatasi ya siri pale wanaponyang'anywa.

NENO LA MWISHO

Turudi kwenye swali letu. Kamati ya kambi si Bunge, na hakuna mjumbe wetu tunayemtaka afanywe shujaa wa kufa. Tunawataka wote wazeeke. Lakini katika maisha ya J. M. tunaona mambo matatu ambayo wakazi wanaweza kuyachukua.

Kwanza, mtu aliyechaguliwa, hata kama mamlaka yake ni madogo, ni mtu ambaye lazima apokewe na asikilizwe kwa niaba ya wengine. Mkazi mmoja akilalamika kwamba kisima kimeharibika, ni malalamiko yake. Mjumbe akilalamika, ni malalamiko ya mtaa. Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika nao walipokee neno la mjumbe kwa uzito huo, hata linapowachosha.

Pili, kuchagua hakuishi siku ya kuchagua. Wananchi wa Nyandarua Kaskazini walifanya sehemu yao tarehe 14 Oktoba 1974. Baada ya hapo ulinzi wa mbunge wao ulikuwa mikononi mwa wengine, na hao ndio waliomwangusha. Sisi tunaoishi karibu karibu hatuna kisingizio hicho. Mjumbe akitishwa kwa sababu amesema kweli juu ya orodha ya mgao, waliomchagua wako hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Wakae naye.

Tatu, mambo yaandikwe. Kariuki aliandika akiwa kizuizini, na Kamati Teule iliandika huku ikizuiwa. Kila mkutano wa mtaa uwe na daftari, na daftari liwe na tarehe, majina ya waliohudhuria na uamuzi uliofikiwa. Walimu wa shule zetu wako tayari kuwafundisha makatibu wapya jinsi ya kuandika kumbukumbu za mkutano, jioni baada ya masomo. Anayehitaji aje shuleni, asione haya kwamba hakusoma sana. Kuna watu waliojifunzia kusoma katika mavumbi ya Manyani, na waliporudi makwao walikuwa makatibu wa vijiji.

Mungu ailaze mahali pema roho ya marehemu Josiah Mwangi Kariuki, pamoja na za wote waliosema kwa niaba ya wenzao na hawakurudi nyumbani.